Sahihi ya Mwalimu Dafroza

Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga, la zamani, picha yake ilishabanduka yote. Ndani limekwaruzwa kwa msumari mistari mitatu: wa chini robo, wa katikati nusu, wa juu robo tatu. Nimelea watoto wanne kwa kopo hilo. Miaka yote hiyo, asubuhi nilikuwa natazama ni wangapi watakula, nachota hadi mstari fulani, naosha mchele, nabandika. Mkono wangu unajua bila kufikiri.

Jumamosi ile mdogo wangu Anna alipopiga simu, nilikuwa nimeinamia kiroba cha mchele na kopo mkononi.

"Dada, umesikia? Mwalimu Dafroza amezikwa juzi, huko Ugalla."

"Mwalimu yupi?"

"Dafroza, jamani. Aliyekufundisha darasa la nne. Si ndiye aliyekupa lile kopo?"

Nikasema sawa, Mungu ampumzishe, nikakata simu. Halafu nikabaki nimeinama vilevile. Mwanangu mdogo alipokuja kuuliza chakula, alinikuta nimemwaga mchele wote kurudi kwenye kiroba, naangalia ile mistari kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia ndani. Mwaka mzima nilikuwa nikisema nitakwenda Ugalla. Nitakwenda tukishavuna. Nitakwenda baada ya Pasaka. Nilikuwa na jambo moja tu la kumwambia.

Wenzangu mliosoma zama zetu mnajua shule zilivyokuwa. Yetu ilikuwa kule upande wa Majimoto, kwenye mbuga za mpunga, madarasa manne na ofisi moja, bati limetoboka. Mvua ikinyesha tunahamisha madawati hadi upande usiovuja. Walimu walikuwa sita kwa shule nzima. Nyuma ya shule kulikuwa na shamba la shule, majaruba matatu. Kwa msiojua, jaruba ni kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta dogo ili maji yasitoke. Sisi watoto tulijua jaruba kwa kazi tu. Ukiambiwa nenda jarubani, ujue umechelewa namba au umepiga kelele darasani.

Mwalimu Dafroza alikuja tukiwa tunaanza la nne. Alikuwa binti tu, sasa naona hivyo, ila kwangu alikuwa mtu mzima kama mama. Mrefu, mwembamba, sauti yake haipandi. Alipewa hesabu. Wiki ya kwanza alifanya kama wengine wote: anajaza ubao, tunanakili, anafuta, anajaza tena. Ijumaa akafuta ubao wote, akatugeukia.

"Haya. Nusu ni nini?"

Tulikuwa tumeandika kurasa tano za sehemu, rangi mbili za kalamu, tumepiga mistari kwa rula.

"Isaya, wewe. Nusu ni nini?"

Isaya akasimama, akafungua daftari. "Mwalimu, nitafute ukurasa?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alikaa kwenye kiti akiangalia mikono yake yenye chaki, kisha akasema twende nje.

Kuanzia hapo hesabu tukawa tunasomea nje. Alikuja na gunia la pumba kutoka mashineni, maana alisema mchele ni chakula, hauchezewi, na kopo lile la maziwa, na debe, na kopo kubwa la rangi ambalo mpaka leo sokoni tunaliita sado. Tukawa tunapima. Sado ngapi zinajaza debe. Kopo likijaa nusu, ukaongeza robo, mstari unafika wapi. Pumba zinaruka, zinaingia kwenye nywele, zinawasha shingoni. Siku nyingine alitupeleka majarubani na kamba ya katani, tukagawa jaruba katikati, halafu katikati tena, kila kundi likasimama kwenye robo yake, tope hadi magotini.

"Nani ana robo kubwa kuliko mwenzake?" anauliza.

"Isaya, Mwalimu! Kasogeza kamba!"

"Sijasogeza! Ni tumbo langu limeisukuma."

"Basi tumbo lako lina robo yake peke yake," Mwalimu anasema, na hapo anacheka na yeye, mdomo ameufunika kwa kiganja.

Nilikuwa na furaha, sitasema uongo. Na ndiyo maana sikuamini kwamba yale ni masomo. Nyumbani kwetu kazi ilikuwa kazi na kanisa lilikuwa kanisa. Kitu kinachokufurahisha hivyo, tena umechafuka tope, kwa mama yangu kilikuwa na jina moja tu, mchezo. Masomo ni yale ya ubaoni. Masomo yanaumiza shingo.

Sasa Mwalimu Mkuu. Alikuwa mzee mnene wa suti ya kaunda, moja ya kijivu, moja ya khaki. Tulimwogopa. Akikohoa ofisini, darasa la kwanza mpaka la saba wananyamaza. Lakini nikumbuke na mengine. Alikuwa akiendesha baiskeli mwenyewe kwenda kutafuta chaki. Vitabu vya shule alivifungia kwenye sanduku la bati chumbani kwake, chini ya kitanda, visiliwe na mchwa. Mtoto akifiwa, alifika msibani kabla ya ndugu.

Muhula ule akaleta utaratibu mpya. Kila darasa liwe na daftari la vipindi. Akatusimamisha mstarini, akaeleza: kila kipindi kikiisha, kiranja anaandika somo, anaandika mwalimu amefundisha nini, halafu mwalimu anatia sahihi. Ijumaa daftari linakwenda ofisini.

"La nne nani atashika?" akauliza.

Mwalimu Bosko, wa Kiswahili, mtu wa utani, akasema, "Mpe Skola. Ana mwandiko mzuri. Halafu huyo yuko mafundisho ya komunyo, hata akitaka kudanganya ulimi unakataa."

Watu wakacheka. Mimi nilijaa fahari. Mwalimu Mkuu akainama akanipa lile daftari kwa mikono miwili, kama padri anavyokupa kitu.

"Skolastika, haya ni macho yangu. Andika ulichokiona. Usiongeze, usipunguze."

Nilikwenda nalo nyumbani kulionyesha. Mama alifuta mikono kwenye khanga kabla ya kulishika. Hakujua kusoma. Akaligeuza nyuma na mbele, akaniambia, "Mwanangu, wamekuamini. Usije ukaandika uongo humo, Mungu anaona." Na katekista wetu wiki ileile alikuwa anatufundisha amri ya nane, usiseme uongo.

Basi nikaandika nilichokiona. Kiswahili: Mwalimu amefundisha methali, tumeandika. Jiografia: Mwalimu amefundisha mito, tumeandika. Ikafika hesabu. Tulikuwa tumetoka kumwaga pumba, nywele zangu zimejaa. Nikakaa kwenye dawati, nikafikiri sana. Daftari langu la hesabu halikuwa limeongezeka hata mstari tangu zile kurasa tano. Ubao ulikuwa mtupu. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: Mwalimu hakufundisha. Tulicheza.

Nikampelekea asaini.

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Alikuwa amesimama mlangoni anakung'uta pumba kwenye sketi. Akachukua daftari, akasoma. Akasoma tena. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, ile ya bluu yenye kifuniko kilichotafunwa. Nilikuwa nasubiri aniambie mwandiko wangu ni mzuri.

"Skola."

"Abee Mwalimu."

"Umeandika ulichokiona?"

"Ndiyo Mwalimu."

"Hujaongeza?"

"Sijaongeza, na sijapunguza."

Akaniangalia kidogo. Akanitoa pumba moja kwenye nyusi. Halafu akaegemeza daftari ukutani akatia sahihi yake, D kubwa yenye mkia mrefu, akanirudishia. Mimi nikajua nimepatia. Kama ningekosea si angenisahihisha? Yeye ni mwalimu, kazi yake ni kusahihisha. Basi kuanzia siku hiyo, kila tukitoka nje, niliandika hivyohivyo bila kufikiri. Tulicheza. Tulicheza jarubani. Tulicheza na kamba. Na yeye akasaini zote.

Siku moja nilitumwa ofisini kupeleka maji ya kunywa ya walimu. Mlango ulikuwa umerudishwa, nikasubiri nje na ndoo kichwani, maana wakubwa wakiongea huingii. Mwalimu Mkuu alikuwa anaongea taratibu, na akiongea taratibu ndipo alipokuwa anatisha.

"Mwalimu, mkaguzi hakagui jaruba. Anakagua daftari. Nitamwonyesha nini mimi? Tope?"

"Mkuu, wanakili vizuri, lakini hawajui kitu. Niliwauliza nusu, wakataka kufungua ukurasa."

"Najua. Unadhani sijui? Nimefundisha kabla hujazaliwa." Akakohoa. "Lakini barua zinazokuja hapa haziniulizi wanajua nini. Zinauliza mada ngapi zimekamilika. Andika ubaoni, wanakili, halafu ndipo uwatoe nje."

"Muda hautoshi kwa vyote viwili."

"Basi uchague."

Mwalimu Bosko akaingilia, "Mkuu, na sisi walimu ukituuliza mara mojamoja siyo vibaya. Hilo daftari mmewapa watoto watuangalie sisi. Nani anaangalia ofisi?"

"Bosko, kunywa chai yako."

"Chai yenyewe haina maji, Mkuu, mtoto yuko nje na ndoo."

Wakacheka, hata Mwalimu Mkuu. Nikaingia, nikatua ndoo. Mwalimu Dafroza peke yake hakucheka, alikuwa anaangalia dirishani upande wa majaruba. Mimi nilielewa hivi: Mwalimu Mkuu anamgombeza kwa sababu ya kucheza, na kumbe mimi nimekuwa nikisema kweli. Nikatoka mwepesi kabisa.

Wakaguzi walikuja kiangazi, gari lao limejaa vumbi mpaka vioo. Walikusanya madaftari yetu ya hesabu, wakayafunua, baada ya zile za wiki ya kwanza ni kurasa nyeupe tupu. Tulitolewa nje tukafagie uwanja. Kupitia dirishani niliona daftari langu la vipindi liko juu ya meza, limefunguliwa, vichwa vitatu vimeliinamia. Nikamwonyesha Isaya. "Unaona? Wanasoma mwandiko wangu."

Mwalimu Bosko alipotoka alipita karibu yangu, akasimama. Siku hiyo hakuwa na utani usoni. "Mwandishi mkuu," akasema, "umeandika, wamesoma." Akaondoka. Nilidhani ananisifu. Jioni nilimwambia mama hivyohivyo, na mama akasema tumshukuru Mungu, tukasali fungu zima la rozari.

Haukupita mwezi tukasikia Mwalimu Dafroza anahamia Ugalla. Sisi tukajua amepandishwa cheo. Ugalla kwetu ilikuwa mbali, na kitu cha mbali mtoto anakiona kikubwa. Siku ya kuondoka alikuwa juu ya lori la mpunga, na godoro lake, na ndoo, na sanduku. Darasa zima tulikimbilia barabarani. Akaniita mimi peke yangu, akainama kutoka juu ya magunia, akanipa kopo.

"Utampimia mama mchele."

"Mwalimu, huko nako mtacheza?"

Wenzangu wakacheka. Yeye alitabasamu, akaweka kiganja mdomoni kama alivyozoea, lakini hakukitoa. Lori likaondoka kiganja kikiwa bado mdomoni. Nilirudi nyumbani nikimwambia kila mtu kwamba Mwalimu alicheka hadi mwisho.

Baada ya hapo tulifundishwa hesabu na Mwalimu Mkuu mwenyewe, na tuliandika. Jamani tuliandika. Madaftari yalijaa hadi kwenye majalada, na mwaka uliofuata wakaguzi walisema shule imebadilika. Darasa la saba hakuchaguliwa mtu kutoka kwetu kwenda sekondari. Isaya alikwenda kuchunga ng'ombe za Wasukuma. Mimi nikaolewa nikahamia Mpanda mjini. Sisemi ni kwa sababu ya lile daftari. Nasema tu kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nilipofanya kitubio changu cha kwanza kabla ya komunyo, niliungama sukari niliyolamba na Anna niliyempiga. Hili sikuliungama. Lilikuwa ndilo jambo langu jema.

Ukweli wake nimeujua ukubwani kabisa. Tulikuwa tumetoka Misa hapa Mpanda, mzee mmoja wa fimbo akaniita kwa jina la utoto, "Skola wa mwandiko!" Mwalimu Bosko. Amestaafu, meno yamebaki ya kuhesabu, utani uko palepale. Tukakaa kwenye ngazi za kanisa. Nikamwuliza habari za Mwalimu Dafroza, alipandishwa hadi wapi? Akanishangaa.

"Kupandishwa? Mama, yule alihamishwa kwa adhabu. Wewe hukujua?"

Nikasema sikujua. Na ni kweli, lakini nilipolisikia nilihisi kama nalijua siku zote.

Akanieleza. Wakaguzi walimbana Mwalimu Mkuu kwa zile kurasa tupu, ikawa ama aondoke yeye au aseme kosa ni la nani. Akafungua droo, akatoa daftari la vipindi. "Usimchukie," Bosko akasema, "alikuwa na watu wa juu yake, na watoto nyumbani, na alijua yule binti anafundisha kuliko sisi wote. Aliniambia mwenyewe, kabla hajafa. Alisema, 'Bosko, nilikuwa na mwalimu mmoja, nikabaki na waandishi.'"

Halafu akaniambia lile nisiloweza kulisahau. Mkaguzi alimwonyesha Mwalimu Dafroza ile D yenye mkia.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Ulisaini mwenyewe kwamba hukufundisha, kwamba watoto walicheza?"

Akajibu, "Nilisaini kwamba mtoto hakusema uongo."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuniambia tu pale mlangoni. Skola, futa, andika sehemu. Neno moja. Ningefuta. Sasa na mimi ni mama nadhani najua. Angeniambia nifute, ningejifunza kwamba daftari la ofisini huandikwa yale wakubwa wanayotaka. Alinitazama usoni, akaona naamini kweli, akaona hapo pana kitu hataki kukivunja, hata kama kitamvunja yeye. Labda alitumaini nitaelewa mwenyewe kabla mwaka haujaisha. Sikuelewa. Nilikuwa na miaka kumi na pumba kwenye nyusi.

Nilimwendea padri. Akaniambia mtoto hawezi kutenda dhambi katika jambo asilolijua, niende kwa amani. Nilipiga ishara ya msalaba nikashukuru. Amani nimekwenda nayo, lakini jambo lenyewe lilibaki kwa mtu mwingine, na huyo alikuwa Ugalla.

Mwaka jana nilianza masomo ya jioni. Wanangu walinicheka kidogo, halafu wakaninunulia begi. Tunasoma kwenye shule moja hapa mjini watoto wakishatoka, tunakaa kwenye viti vidogo, magoti juu, bodaboda zinapiga honi nje. Ticha wetu ni kijana anayelingana na mwanangu wa kwanza. Ilipofika sehemu aliandika ubaoni robo tatu kutoa nusu, akasema hii ni ngumu, twende polepole.

"Robo," nikasema.

"Mama Eliza, umeangalia kwa nani?"

"Sijaangalia. Ni mstari mmoja."

"Mstari gani tena?"

Kichwani naliona kopo, pumba zinashuka kutoka mstari wa juu hadi wa katikati. Kumbe miaka yote hiyo sehemu nilikuwa nazijua. Katika shule nzima ile, kitu pekee nilichofundishwa kikabaki ni kile nilichoandika kwamba sikufundishwa. Ndipo nikaanza kusema nitakwenda Ugalla. Nilitaka kumwambia hivyo tu: Mwalimu, ulifundisha. Anna akapiga simu kabla sijaenda.

Jumatatu baada ya ile simu, ticha alisema ofisi inataka kila darasa liwe na mtu wa kuandika kilichofundishwa. Akapitisha macho. "Mama Eliza, wewe una mwandiko mzuri."

Nilitaka kukataa. Kisha nikalichukua lile daftari, kipindi kilipoisha sikuandika kitu, nikamfuata mezani.

"Ticha, leo ulikuwa unataka tujue nini?"

"Kwani hukuelewa, mama?"

"Nimeelewa. Nataka uniambie wewe, kwa maneno yako, ndipo niandike."

Akasimama na dasta ya ubao mkononi. Akacheka kwa aibu. "Haki ya Mungu, tangu nianze kazi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo." Akavuta kiti, akaanza kueleza, na akaeleza mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Nilipofika nyumbani nilichukua daftari jipya la mwanangu, nikapiga mistari kwa rula kama zamani. Somo: Hesabu. Darasa: La nne. Mahali: Jarubani. Mwalimu amefundisha sehemu, nusu na robo na robo tatu, kwa kamba na kwa pumba, na tumeelewa. Nikaandika na jina lake lote kwa mwandiko wangu bora.

Chumba cha mwisho kwenye ukurasa kimeandikwa sahihi ya mwalimu. Hicho nimekiacha wazi. Ukurasa nimeukunja, nimeutia ndani ya kopo, na mchele siku hizi napima kwa kikombe.